Virusi vya UKIMWI vimefubaa, na ini je?

Katika toleo lililopita safu hii ilizungumzia chanjo ya homa ya ini B, na kwa kupita tu ikataja kwamba aina ya C haina chanjo. Kauli hiyo fupi imeleta barua nyingi kuliko makala yenyewe, na sehemu kubwa ya barua hizo zimeandikwa na watu wanaoishi na VVU. Tumechagua chache ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Majina tumeyahifadhi, na barua ndefu tumezifupisha bila kubadili maana.

Daktari, shikamoo. Nina umri wa miaka 38 na ninaishi Temeke. Nilijidunga unga kwa miaka mingi. Sasa ninakunywa methadoni, dawa ya kunitoa kwenye unga, kila siku, na ARV ninameza bila kuruka. Kipimo changu cha mwisho kilionesha kwamba virusi havionekani. Mwezi uliopita nilitobolewa kidole, nikaambiwa nina homa ya ini C, lakini siumwi popote. Kama virusi havionekani katika damu yangu, hivi vingine vimetoka wapi? Na je, ARV hazivimalizi?

Marahaba, kaka, na hongera kwa kushika dawa zote mbili, kwa sababu kila moja ina sehemu yake katika jibu hili.

Kauli ya kwamba virusi havionekani inahusu VVU peke yake. Kipimo cha wingi wa virusi unachofanyiwa kliniki ya VVU (CTC) hutafuta vinasaba vya VVU tu, na kama ndani ya damu hiyo hiyo kuna kirusi kingine, kipimo hicho hakitakiona wala hakitakisema. ARV nazo zimetengenezwa kuzuia hatua ambazo VVU hupitia ili kuzaliana, na kirusi cha homa ya ini C hakipiti njia hizo. Nadhani mkanganyiko huu umetokana na jambo moja la kweli: tenofovir na lamivudine, ambazo karibu kila mtu anayetumia kidonge cha ARV kiitwacho TLD anazimeza, hufubaza pia kirusi cha homa ya ini B. Watu wakasikia kwamba ARV zinasaidia ini, wakaishia hapo. Kwa B zinasaidia. Kwa C hazikigusi kirusi chenyewe.

Ulikipata wapi? Siwezi kuapa, lakini miaka ya kujidunga ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 2.3 wanaoishi na VVU wana homa ya ini C au wamewahi kuipata, na zaidi ya nusu yao ni watu wanaojidunga dawa za kulevya. Virusi vyote viwili hupita kwa damu, ila cha C huambukiza kwa urahisi zaidi kupitia sindano, na katika majaribio ya maabara kimekutwa kikiwa bado na uwezo wa kuambukiza ndani ya bomba la sindano lililokaa kwa takriban miezi miwili. Ndiyo maana wapo wanaosema, na wanasema kweli, kwamba hawakuwahi kuchangia sindano na bado wamekutwa nacho: walichangia kijiko, pamba ya kuchujia, maji ya kuoshea, au kamba ya kufungia mkono iliyokuwa na damu. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo baya kuliko hayo, la mtu kuvuta damu yake mwenyewe ndani ya bomba baada ya kujidunga na kumpa mwenzake aliyebanwa na arosto, yaani mateso ya kukosa unga, ajidunge damu hiyo, kwa imani kwamba ina unga wa kutosha kumtuliza. Kwa kirusi cha C hakuna njia fupi zaidi ya hiyo.

Sasa tuje kwenye kipimo chako, kwa sababu huenda umeambiwa jambo kubwa kuliko lile lililopimwa. Kipimo cha kidole hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili uliwatengeneza ulipokutana na kirusi. Kingamwili ni kama kovu: linathibitisha kwamba palikuwa na jeraha, halisemi kama jeraha bado liko wazi. Takriban watu 30 katika kila 100 wanaoambukizwa C hukiondoa wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote, ingawa kwa mwenye VVU bahati hiyo ni ndogo zaidi. Kwa hiyo unahitaji kipimo cha pili kinachotafuta kirusi chenyewe. Mashine ya GeneXpert, ambayo wengi wanaifahamu kwa kupima kifua kikuu, inaweza kukifanya ikiwekewa katriji zake maalumu. Kituo chako kisipokuwa nazo, omba rufaa kwa maandishi. Mimi huona kwamba kumpima mtu kwa kidole, kumwambia ana homa ya ini C na kumrudisha nyumbani bila kumwonesha njia ya kipimo cha pili ni kumtwisha mzigo usio na anwani. Kinyume chake pia hutokea: mtu ambaye CD4 zake, yaani seli za kinga ya mwili, zimeshuka sana anaweza kushindwa kutengeneza kingamwili, kipimo cha kidole kikasema hana kirusi ilhali anacho. Vipimo vya kawaida vya ini vikionesha hitilafu isiyo na maelezo kwa mtu wa namna hiyo, daktari asiridhike na kidole.

Kutokuumwa kusikupumbaze. Ini haliumi mapema. Kati ya watu 100 walio na maambukizi sugu ya C, kati ya 15 na 30 hupata makovu makubwa kwenye ini, yaani sirosisi, ndani ya miaka 20, na baadhi yao huishia kwenye saratani ya ini. VVU huharakisha safari hiyo, hasa CD4 zikiwa chini. Hapa ndipo ARV zinapokusaidia japo hazikiui kirusi cha C, kwa sababu kinga ikiwa imara ini huharibika polepole zaidi. Haliachi kuharibika kabisa, na ndiyo sababu kirusi chenyewe lazima kitibiwe.

Nacho kinatibika, tena hadi kupona. Kabla ya mwisho wa 2013, ilipoidhinishwa dawa iitwayo sofosbuvir, mwenye VVU na C alichomwa sindano za interferon kwa takriban mwaka mzima, akapata homa, sonona na upungufu wa damu, na mara nyingi asipone. Leo tiba inayotumika sana ni sofosbuvir pamoja na daclatasvir, vidonge vya kumeza mara moja kwa siku kwa wiki 12, na zaidi ya watu 95 katika 100 hupona, wenye VVU kwa wasio nayo. Ini lililokwisha kuwa na makovu linaweza kuhitaji muda mrefu zaidi. Tangu 2018 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima mwenye maambukizi sugu atibiwe bila kusubiri ini lake liharibike kwanza. Methadoni yako haigombani na dawa hizi, wala TLD haina mgongano wa maana nazo. Anayetumia ARV iitwayo efavirenz huongezewa kipimo cha daclatasvir. Anayetibiwa kifua kikuu kwa rifampisini asianzishwe kabla hajamaliza, kwa kuwa rifampisini hushusha dawa ya C ndani ya damu hadi isifanye kazi, na baadhi ya dawa za kifafa, kama karbamazepini na fenitoini, zina tabia hiyo hiyo. Peleka dawa zako zote kwa daktari, pamoja na zile unazoona hazihusiki.

Kabla hujaanza, upimwe homa ya ini B. Kirusi cha B kilicholala huweza kuamka C inapoondolewa, na kuamka kwake kumewahi kuua. Tenofovir na lamivudine unazomeza zitakulinda, ila usizikatishe kwa kudhani kwamba mwili unahitaji kupumzika. Na methadoni usiiache. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulionesha kwamba tiba ya namna hiyo hupunguza maambukizi mapya ya C kwa takriban nusu, na ikiambatana na upatikanaji mzuri wa sindano safi hupungua kwa takriban robo tatu. Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni mwaka 2011 watu wengi walidhani ni mpango wa kupambana na uhalifu tu. Kumbe ni kinga ya ini pia.

Daktari, mimi na mume wangu tunaishi Tanga na sote tuna VVU. Yeye amekutwa na homa ya ini C, na kipimo cha pili kimethibitisha. Nina ujauzito wa miezi mitano. Mama mkwe amenitengea vyombo vyangu na vya mume wangu. Je, nimekwisha kuambukizwa? Mtoto atanyonya?

Pole, dada. Nianze na vyombo ili virudi kabatini leo. Homa ya ini C haiambukizi kwa sahani, kikombe, kijiko cha kulia, kukumbatiana, kubusiana wala kulala kitanda kimoja, na haipiti kwenye chakula na maji kama ile ya aina ya A. Kinachopaswa kutengwa ni vile vinavyogusa damu: wembe, mashine ya kunyolea, mswaki, na kikata kucha. Umweleze mama mkwe kwa heshima, au mwombe mume wako amweleze, kwa kuwa mwanawe atasikilizwa kwa wepesi zaidi.

Kuambukizwa kwa njia ya ndoa kunawezekana ila si jambo la kawaida. Utafiti wa Marekani uliofuatilia wanandoa wa mke na mume ambao mmoja wao ana C na hakuna mwenye VVU ulikuta kwamba maambukizi kati yao ni nadra mno. Hatari hupanda mmoja akiwa na VVU, kukiwa na vidonda au magonjwa ya zinaa, wakati wa hedhi, na katika tendo la njia ya haja kubwa; miongoni mwa wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanaume wenzao, maambukizi ya C kwa njia hiyo yamethibitishwa katika miji mingi ya Ulaya. Kwa ninyi wawili, tumieni kondomu mpaka mume amalize tiba na ithibitike kwamba amepona. Hilo litamlinda na mtoto aliye tumboni.

Lakini kwa nini tubahatishe? Pima wewe mwenyewe sasa. Ikiwa huna C, mtoto hawezi kuipata kutoka kwa baba yake kupitia kwako, na mnachobaki nacho ni kuhakikisha huipati. Ikiwa unayo, ukweli ni huu: mama mwenye C pekee humwambukiza mtoto mmoja kati ya takriban 20, na mama mwenye C pamoja na VVU isiyotibiwa vizuri humwambukiza takriban mmoja kati ya 10. ARV zikishika vizuri hushusha hatari hiyo, kwa hiyo kila kidonge unachomeza mwezi huu kina wateja wawili. Dawa za C kwa kawaida huahirishwa hadi baada ya kujifungua, kwa sababu uzoefu wa kuzitumia wakati wa ujauzito bado ni mdogo. Upasuaji wa kujifungua hauhitajiki kwa ajili ya C peke yake. Mkunga ajue hali yako ili aepuke mambo yanayoweza kumjeruhi mtoto bila sababu ya msingi.

Mtoto atanyonya. Kirusi cha C hakiambukizi kwa maziwa, na kuhusu VVU utafuata maelekezo ya kliniki yako: wewe umeze ARV bila kukosa na mtoto apewe dawa ya kinga. Chuchu ikipasuka na kutoa damu, pumzisha titi hilo, kamua na kumwaga hadi lipone, huku ukinyonyesha lingine. Mtoto anaweza kupimwa kirusi chenyewe kuanzia miezi miwili. Kipimo cha kingamwili kisubiri miezi 18, kwa sababu kabla ya hapo kingamwili za mama bado zinazunguka katika damu yake na zitawatisha bure.

Kuna dawa ya miti shamba ya kusafisha ini inayouzwa sokoni kwetu Morogoro. Muuzaji anasema inaondoa B na C kwa wiki mbili, ila niache ARV kwa muda huo ili "zisipambane". Nifanyeje?

Usiache ARV. Hakuna dawa ya miti shamba iliyothibitishwa kuondoa kirusi cha C, na zipo zinazoliumiza ini badala ya kulisafisha. Ukiziacha ARV utaiachia VVU, na kama una B bila kujijua utaiamsha kwa ghafla. Muuzaji akikuambia kwamba wateja wake wamepona, kumbuka wale 30 kati ya 100 ambao wangepona hata kwa maji ya kisima.

Mimi ni mhudumu wa duka la dawa, Mwanza. Wateja huja na sindano zao wakitaka niwachome, na wengine hutaka sindano hata kwa mafua, wakisema vidonge havina nguvu. Mwezi uliopita nilijichoma kwa bahati mbaya na sindano niliyokuwa nimemchoma mteja, nami ninaishi na VVU. Sikumwambia mtu.

Umeandika mambo mawili, nami nitaanza na la pili kwa sababu lina saa. Anayejichoma na sindano yenye damu ya mtu mwingine aoshe jeraha kwa maji na sabuni bila kulikamua, kisha aripoti siku hiyo hiyo. Kwa asiye na VVU ipo dawa ya kinga ya kuanzwa ndani ya saa 72 na kumezwa kwa siku 28. Kwa homa ya ini B ipo chanjo. Kwa C hakuna dawa ya kinga wala chanjo, kwa hiyo kinachobaki ni kupima na kutibu mapema. Hatari yenyewe si kubwa: kujichoma mara moja na sindano ya mtu mwenye C huambukiza watu wasiofikia wawili katika 100, wakati kwa B na mtu asiyechanjwa wanaweza kufikia 30. Kwako mwezi umekwisha kupita, na huo ni wakati mzuri wa kupimwa kirusi chenyewe, kwani huonekana katika damu ndani ya wiki moja au mbili, ilhali kingamwili huweza kuchukua miezi miwili au zaidi kutokea. Rudia baada ya miezi sita. Uulize na chanjo ya B. Mwenye VVU anaihitaji kuliko jirani yake.

Kuhusu wateja wanaopenda sindano, suala hili ni zito kuliko linavyoonekana kaunta. Misri, kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wengi mno walitibiwa kichocho kwa sindano ambazo hazikuchemshwa sawasawa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nia ilikuwa njema kabisa, na matokeo yake nchi hiyo ikawa na homa ya ini C kuliko karibu nchi yoyote duniani. Ililazimika kuanzisha mwaka 2018 kampeni ya kupima makumi ya mamilioni ya watu na kuwatibu bila malipo, ndipo mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua kwa hatua kubwa iliyopiga kuelekea kuitokomeza. Kambodia nako, katika kijiji cha Roka mkoani Battambang, mwishoni mwa 2014 waligundulika wanakijiji zaidi ya 200 wenye VVU, wakiwemo watoto wadogo na wazee, na wengi wao walikuwa na C pia. Uchunguzi ulielekea kwa mtu asiye na leseni aliyekuwa akiwachoma sindano na kuwatundikia dripu. Wanakijiji walimpenda kwa sababu alikuja hadi nyumbani.

Sindano ya mafua, basi, ni kumtia mtu hatarini kwa kitu kisichomsaidia, na sheria za duka la dawa unazijua kuliko mimi. Sindano inayochomwa kituoni iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mgonjwa, chupa ya dawa ya watu wengi isichomekwe sindano iliyokwisha kutumika, na kifuniko kisirudishwe baada ya kuchoma. Sindano ikatupwe moja kwa moja kwenye sanduku la usalama. Wengi hujichoma wakati wa kurudisha kifuniko.

Je, kunyoa saluni na kuchanjwa chale kunaweza kuniletea C? Kinyozi wangu hufuta mashine kwa spiriti.

Kunaweza, ingawa si njia inayoongoza. Kirusi cha C kimeonekana kuendelea kuwa hai kwenye damu iliyokauka juu ya meza kwa wiki kadhaa, na kufuta haraka kwa spiriti hakutoshi kama damu bado imeganda katikati ya meno ya mashine. Nunua kichwa chako cha mashine au wembe wako na uende nao. Vinyozi wengi hawaoni vibaya. Chale za wembe mmoja kwa familia nzima, tohara ya kisu kimoja, na tatoo ya wino uliochovywa na watu wengi, yote hayo yaepukwe, na mwenye VVU ayaepuke mara mbili. Ukitundikiwa damu hospitalini usiwe na hofu hiyo: damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hupimwa VVU, B, C na kaswende.

Salamu kutoka Malindi. Nilitibiwa C nikapona, na nina VVU. Rafiki zangu bado wanajidunga, nami huanguka mara moja moja. Wananiambia aliyepona hapati tena, kwa kuwa ana kingamwili. Kweli? Na pombe kidogo inaruhusiwa?

Salamu zimefika, ndugu, na ahsante kwa kusema bila kuficha. Si kweli. Kingamwili za C hazimlindi mtu; unaweza kuambukizwa mara ya pili na ya tatu, na kwa mwenye VVU anayerudi kujidunga jambo hilo si nadra. Habari njema ni kwamba maambukizi mapya hutibika tena, na hakuna daktari mwenye haki ya kukunyima tiba kwa sababu umerudi. Ukianguka, anguka na vifaa vyako: sindano mpya, bomba jipya, kijiko chako, maji yako, pamba yako, na usimpe wala usipokee. Kenya hutoa methadoni tangu mwishoni mwa 2014 na Malindi ni miongoni mwa miji yenye huduma hiyo. Kama uliiacha, mlango haujafungwa.

Pombe ningekushauri uiache. Ini lililokaa na C kwa miaka, likameza na dawa za kila siku, halina akiba ya kuchezea. Kama kabla ya tiba uliambiwa ini lako lina sirosisi, kupona C hakufuti sirosisi: upigwe picha ya ultrasaundi kila baada ya miezi sita, maisha yako yote, kwa sababu saratani ya ini inaweza kutokea hata kirusi kikiwa kimekwisha. Wengi huacha kwenda wakishaambiwa wamepona.

Jingine ni la kupima. Upime kila mwaka, au mapema zaidi ukichangia kifaa, lakini si kwa kidole. Kipimo cha kingamwili kitaendelea kusema unayo hadi uzeeni, hata ukiwa mzima kabisa. Mwambie mpimaji, kabla hajashika sindano, kwamba ulikwisha kutibiwa, na umwombe atafute kirusi chenyewe.